Wenye Mishahara na Wachuuzi wa Mtaani: Nani Amkopesha Nani?



Mazungumzo yetu ya mwezi huu ni mepesi kuyafahamu, lakini ni mazito kuyatenda. Nayo ni juu ya haki ya mchuuzi mdogo wa mtaani kwa bibi aliyejaaliwa kazi ya mshahara: mwalimu wa skuli, muuguzi, karani, wakili na mfano wao, hasa katika siku ambazo biashara imelala na mifuko imekauka. Nitaanza kwa kisa kilichonipata nyumbani kwangu Mombasa, kwani mwenye kuonya hana budi aanze kwake.

Mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona, Serikali ya Kenya ilifunga skuli katikati ya mwezi wa Machi. Tarehe 25 ya mwezi huo ndege za abiria kutoka nchi za nje zikasimamishwa, na tarehe 27 ikaanza amri ya kutotoka nje tangu saa moja ya usiku hata saa kumi na moja ya alfajiri. Mji wetu hula kwa bandari na kwa wageni. Wageni walipokatika, hoteli zilifunga milango, na waliokuwa wakihudumu humo wakarudi majumbani mikono mitupu. Kisha tarehe 6 Mei, nasi tumo katika mfungo wa Ramadhani, ikatangazwa kwamba hapana wa kuingia wala kutoka Mji wa Kale, na mikahawa na masoko ya humo yafungwe. Ajuaye Mji wa Kale hahitaji kuelezwa uzito wa amri hiyo. Ramadhani ndiyo mavuno ya wauza kaimati, sambusa, viazi vya karai na mkate wa mofa; ndiyo msimu wa mafundi washonao kanzu na mabuibui ya Idi.

Jirani yetu ni mama mjane, apikaye mahamri na mbaazi, na kwa kazi hiyo amewalea wanawe wanne. Siku moja hakupika, wala siku ya pili. Nikampelekea mchele na fedha kidogo kwa nia ya sadaka. Akapokea kwa adabu, kisha akaniambia: "Maalim, Mungu akulipe. Lakini mimi si wa kupewa sadaka. Mimi nina mali, ila mali yangu imo majumbani mwa watu."

Akanitolea daftari la mtoto wa skuli, limeandikwa majina ya waliochukua chakula kwa ahadi ya mwisho wa mwezi. Jumla yake ilipita shilingi 7,000, nayo ndiyo iliyokuwa rasilmali yake ya unga, sukari, nazi, mafuta na makaa. Nikapitisha macho katika majina yale, nikaona kwamba wengi wao ni mabibi wenye mishahara; na katikati ya ukurasa nikaliona jina la binti yangu, mwalimu wa skuli ya serikali. Alikuwa akidaiwa shilingi 640. Wallahi nilitahayari, maana mahamri yale niliyala mimi.

Ni kweli kwamba sisi wa madrasa tulikuwa tumefungiwa, na ada za wanafunzi zimekatika. Lakini walimu walioajiriwa na serikali waliendelea kupata mishahara yao hata skuli zilipokuwa zimefungwa. Nikarudi nyumbani nikamwuliza binti yangu. Akanijibu bila ya kiburi: "Baba, si nitamlipa mwisho wa mwezi kama desturi? Naye hajanidai."

Nikamwambia: "Mwanangu, hakukudai kwa kuwa anaogopa kumpoteza mnunuzi. Sasa niambie, ni nani anayemkopesha mwenziwe: wewe mwenye mshahara au yeye mwenye karai?"

Alinyamaza kitambo, kisha akachukua simu yake. Alilipa deni lote, akaongeza shilingi 1,000 za chakula cha siku zijazo, na siku zile kutumiana kwa M-Pesa fedha zisizozidi kiasi hicho kulikuwa hakuna ada. Baada ya hapo akawapigia wenziwe aliowajua. Wengi walilipa juma lile lile. Wawili hawajalipa mpaka leo. Siku ya tatu, kabla ya magharibi, tukasikia harufu ya mahamri.

Ewe msomaji, hili ndilo nitakalo ulitafakari. Tumezoea kudhani kwamba bibi mwenye mshahara, akinunua kwa mchuuzi, amemsaidia. Ni sawa, ikiwa amelipa. Lakini akichukua leo na kulipa baada ya siku thelathini, maskini ndiye aliyemkopesha tajiri, na mkopo huo hautajwi popote ila katika daftari la mtoto.

Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Baqarah, aya ya 280, inatuamrisha kumpa muda mdaiwa aliye katika dhiki. Hiyo ni rehema kwa asiye nacho. Ama mwenye nacho, Mtume (s.a.w.) amekuita kuchelewesha kwake malipo kuwa ni dhulma. Basi tusijifunike kwa rukhsa isiyokuwa yetu.

Tena sharia yetu imetufungulia mlango ulio kinyume cha mkopo huo, nao ni biashara ya salam. Amesimulia Ibn Abbas kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mzima au miwili kabla ya kuzipata. Hakuwakataza, bali aliwaamuru wafanye hivyo kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Tazama hekima yake: mwenye fedha anatanguliza, na mwenye kazi anapata rasilmali bila ya riba.

Wala asiseme mtu kwamba haya hayamhusu mwanamke. Sura ya An-Nisaa, aya ya 32, imethibitisha kuwa wanawake wana fungu lao katika walichokichuma. Bibi Khadija (r.a.) alikuwa mfanyabiashara, naye aliwapa watu mali yake wasafiri nayo kwenda Sham. Naye Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud, alimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kumpa mumewe na mayatima aliowalea, akajibiwa kwamba ana ujira mara mbili: wa udugu na wa sadaka. Basi mali ya mwanamke ni yake, na hesabu yake pia ni yake.

Nawausia mabibi wenye mishahara mambo matatu. Kwanza, mlipe mchuuzi siku ile ile, na lililobaki nyuma limalizeni kabla ya kununua jipya. Pili, mkijua mahitaji yenu, tangulizeni fedha: tambi na vitu vya Ramadhani vilipieni tangu Shaabani, kwa bei na kiasi kilichoandikwa. Tatu, katika vyama vyenu vya upatu, mchuuzi aliyeishiwa apewe zamu ya mwanzo, asije akakimbilia mikopo ya simu yenye riba ikamla mpaka mifupa.

Nawe mchuuzi una wajibu wako. Sura ya Al-Mutaffifin imewaonya wapunjao vipimo. Aliyelipwa mbele akapunguza unga au akakawiza nguo, amemfungia mlango si yeye peke yake, bali na mwenziwe atakayekuja baada yake.

Najua watakaosema: "Maalim, hata mshahara wenyewe siku hizi hautoshi." Si uongo. Mwaka 2023 kodi ya mafuta ya gari ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na nauli na bei za vitu zikafuata. Na katika mishahara kumeongezwa makato ya nyumba ya asilimia 1.5, na tangu Oktoba 2024 makato ya afya ya asilimia 2.75. Lakini aliyekatwa kidogo katika mshahara bado anajua siku ya kupokea. Mama wa mahamri hajui. Kinachompa matumaini ya kesho ni kile alicholipwa leo.

Basi kila nyumba isomayo maneno haya na ijiulize usiku huu: je, jina letu limo katika daftari la nani? Na likiwemo, lifutwe kabla ya jua la kesho kuchwa.

Mwenyezi Mungu atusahilishie kulipa haki za watu kabla hatujaulizwa, na azitie baraka kazi za mikono. Amin.