Shaka na Hakika Katika Maagizo ya Jaji kwa Juri

Katika kesi za jinai za Uingereza zinazosikizwa mbele ya juri, kazi imegawanywa. Sheria ni ya jaji. Mambo yaliyotokea ni ya watu 12 wasiokuwa wanasheria. Kabla juri haijaingia faraghani, jaji huwaeleza sheria na kuwakumbusha ushahidi. Wao hujibu kwa neno moja au mawili tu, wala hawatoi sababu. Kwa hiyo mahakama ya rufani haiwezi kuzichungua fikira zao. Huyachungua maneno ya jaji, nayo yakiwa na kosa, hukumu yaweza kutanguliwa.

Mfano mashuhuri ni wa Reginald Woolmington, kijana mfanyakazi wa shamba aliyempiga mkewe risasi mwezi wa Desemba 1934. Alisema bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya. Juri ya kwanza, mjini Taunton, haikupatana. Katika kesi ya pili, mjini Bristol, jaji aliwaambia juri kwamba ikiisha kuthibitishwa kuwa mtu kamwua mwenzake, ni juu ya mshitakiwa kuonyesha kuwa hakukusudia uovu. Akahukumiwa kunyongwa. Mwaka 1935 Baraza la Malordi liliitangua hukumu hiyo: mzigo wa kuthibitisha hatia ni wa upande wa mashitaka tangu mwanzo hata mwisho. Maneno machache ya jaji yalikuwa karibu kumtia mtu kitanzi.

Lakini hatia ithibitishwe kwa kadiri gani? Hapo ndipo lugha inapoleta taabu. Majaji walizoea kusema isibaki shaka ya maana, na kila aliyejaribu kuieleza shaka hiyo alihatarisha kuzaa rufani nyingine. Mwaka 1952, katika kesi ya Summers, Jaji Mkuu Lord Goddard aliona afadhali juri waambiwe wasimtie mtu hatiani ila wawe na hakika. Neno hilo jepesi ndilo wanaloambiwa juri wa Uingereza siku hizi.

Jambo hili lawahusu wataalamu wa Kiswahili pia, hasa tangu 2021, Tanzania ilipokifanya Kiswahili kwa sheria kuwa lugha ya mahakama. Juri haipo huko, lakini kipimo hicho cha ushahidi kilirithiwa. Aghalabu husemwa “pasipo kuacha shaka yoyote.” Hiyo “yoyote” imezidi, maana hata shaka ya kipuuzi imo, na kwa kipimo hicho ni shida kumfunga hata mwizi. “Bila shaka” nayo imepungua; mtu husema “bila shaka atakuja” ilhali anatumaini tu. “Shaka ya maana” imekaribia, ingawa msikilizaji aweza kudhani ni shaka kubwa, na hapo mshitakiwa amekwisha punjwa. “Yakini” ni nzito, ila ni neno la wanavyuoni. “Hakika” yajulikana mjini na shamba, na mtu akiulizwa, “Una hakika?” husita kidogo kabla ya kujibu.