Mshairi Aliyeshika Ukuta

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mshairi wa Kiingereza, William Wordsworth, aliyezaliwa Cockermouth mwaka 1770, karibu na milima na maziwa ya kaskazini ya Uingereza. Alifiwa na mama yake kabla hajatimiza miaka minane.

Mwaka 1843, hali amekuwa mzee, alimsimulia rafiki yake Isabella Fenwick jambo la ajabu. Utotoni, alipokuwa akienda shuleni, mara nyingi vitu vyote alivyovitazama vilimwonekea kana kwamba vimo ndani ya roho yake, wala si nje. Ikambidi kushika ukuta au mti, apate kujirudisha katika dunia hii. Siku zile aliiogopa hali hiyo. Ukubwani aliisikitikia, kwa kuwa imemwacha.

Hayo ndiyo asili ya shairi lake refu juu ya utoto, aliloanza kulitunga mwaka 1802. Alitunga beti nne, akafika penye kuuliza habari za nuru iliyotoweka, akakwama. Miaka kama miwili ilipita. Rafiki yake Coleridge naye akaandika shairi la majonzi mwaka ule ule wa 1802, akasema kwamba uzuri wa maumbile hutegemea furaha iliyo moyoni mwa mtazamaji.

Wordsworth alipoendelea, mwaka 1804, aliazima wazo la Plato, kwamba roho iliishi kabla ya kuzaliwa, kisha yasahau kidogo kidogo. (Baadaye alieleza kuwa hakukusudia kulifundisha kama imani.) Tena akaonyesha jinsi mtoto mwenyewe anavyouharakisha ukubwa, akiigiza arusi na maziko. Nasi walimu twamsaidia kuharakisha. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza kwa nini mwezi humfuata njiani; nikamwambia atazame ubao. Hakuniuliza tena.

Shairi lilipigwa chapa mwaka 1807. Wako wasomaji wasemao kwamba mwisho wake ni kujiliwaza tu, kwa maana mshairi asema mtu mzima hupata kumbukumbu na huruma mahali pa nuru ile. Labda ni kweli kwa sehemu. Lakini waitazame sehemu anaposhukuru. Hashukuru zaidi kwa raha za utoto, wala kwa uhuru wake. Ashukuru kwa yale mashaka, na kwa maswali ya mtoto asiyekubali upesi kuwa vitu ni hivi avionavyo tu.