Kulala Bila Kusinzia

"Kidole gumba cha mkono wa kulia. Cha shahada. Cha kati. Cha pete. Cha mwisho. Kiganja." Sauti inataja kiungo, nawe unapeleka fahamu pale pale, kisha unahama. Hutikisiki, hujibu, huombwi kufikiri.

Nilikuwa nimelala chali mkekani, khanga ya marehemu mama imenifunika hadi kifuani, simu kando ya sikio. Wiki ya tatu tangu tumzike. Aliyefiwa Dar es Salaam anajua mbio zake: kibali cha mazishi, jeneza, basi la kwenda kijijini, turubai na masufuria ya kukodi. Siku ya nne unaaga wageni, siku ya nane uko ofisini unapokea pole mlangoni. Usingizi ukawa unakuja vipande vipande. Saa nane usiku macho makavu. Mnasihi niliyemwendea hakunihoji sana. Alinitumia rekodi ya dakika 35, akasema, "Dada, usijilazimishe kulala. Wewe sikiliza tu."

Ilipofika bega la kulia, nikaanza kulia. Wala sikuwa namuwaza mama. Machozi ya mtu aliyelala chali hayapiti mashavuni, yanateremka pembeni yakajaa masikioni, basi sauti ikawa inanifikia kama ya mtu anayesemea mtungini. Baadaye ndipo nilipokumbuka: bega lile ndilo aliloliegemea kila nilipomwinua kitandani apate kunywa uji.

Zoezi hili linaitwa yoga nidra. Nidra ni Kisanskriti, maana yake usingizi, ingawa anayelifanya hutakiwa abaki macho ndani kwa ndani. Mtindo unaojulikana zaidi ulipangwa na Swami Satyananda Saraswati, mwasisi wa shule ya yoga ya Bihar iliyoko Munger, India, aliyeandika kitabu juu yake mwaka 1976. Mwenyewe alisimulia kwamba alipokuwa kijana kwa mwalimu wake huko Rishikesh, alipewa kazi ya kulinda usiku shule ya wavulana wanaojifunza kughani Veda. Kufika saa tisa usiku usingizi ulimzidi. Saa kumi watoto waliamka wakaghani, yeye hana habari. Siku moja kwenye hafla akasikia wavulana wakighani, akashangaa kwamba maneno anayajua, na hakuwahi kufundishwa. Akajiuliza ni nani aliyekuwa akisikiliza wakati yeye amelala.

Jibu lake alilitafuta katika nyasa, ibada ya kale ya kugusa viungo vya mwili kimoja kimoja kwa kutamka mantra. Akaondoa mantra, akaacha safari ya viungo. Kwa nini ianzie vidoleni? Aliilinganisha na ramani ya ubongo iliyochorwa na daktari Wilder Penfield wa Montreal, ambamo mkono na uso vimechukua eneo kubwa kuliko mgongo mzima. Mimi husema pia kwamba kidole gumba hakina la kukumbuka. Ungeanzia moyoni, nusu yetu tungeinuka tukaondoka.

Kabla ya safari hiyo kuna sankalpa, sentensi fupi unayojiambia mara tatu kimoyomoyo. Kiswahili kinayo tayari: nia. Aliyewahi kutia nia ya kufunga Ramadhani haelekezwi zaidi. Bado wapo wanaoogopa kwamba wanaingizwa dini ya watu. Siwacheki. Hata jeshi la Marekani lilisita kwenye jina. Mwaka 2006 mwanasaikolojia Richard Miller alipoipeleka yoga nidra hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, Washington, kwa askari waliorudi Iraq na Afghanistan na jinamizi la vita, iliitwa iRest, na kwa jina hilo ikaenea kwenye hospitali za maveterani.

Sayansi yake bado changa. Utafiti unaotajwa kila mahali ni wa Denmark, mwaka 2002: ulionyesha dopamini ikiongezeka ubongoni wakati wa zoezi. Washiriki walikuwa 8. Basi la daladala linabeba wengi zaidi, kwa hiyo anayekuuzia kozi kwa kusema "imethibitishwa" msikilize kwa sikio moja.

Na wapo ambao kulala kimya, macho yamefumbwa, ndiko kunakowafungulia mlango wa yale waliyotendewa. Mnasihi wangu huwaambia wakae kitini, macho wazi, miguu sakafuni, na wasimame wakati wowote wapendao. Mwenye kuwaza kujidhuru hampi rekodi. Humshika mkono hadi kwa daktari. Mimi mwenyewe niliendelea kwenda kwake kila wiki mbili, na mengi ya kusema yalipatikana baada ya mkeka, kwa sababu angalau nilikuwa nimelala usiku uliotangulia.

Karibu na mwisho kuna sehemu ya pumzi. Unahesabu kurudi nyuma, kitovu kinapanda 27, kitovu kinashuka 27, kinapanda 26, hadi moja. Ukipotea unaanza upya bila kujigombeza. Miezi mitano sasa, sijaifikia moja. Alhamisi iliyopita nilifika 9, muuza maji akagonga geti, nikamsikia, nikamwacha agonge, nikaanza tena na 27.