Ulimi Mchungu Waweza Kutabiri Sonona?

Mchunga ukipikwa kwetu, ndugu yangu hula akajilamba vidole, mimi huumeza kwa maji. Wakubwa wakisema nadeka. Kumbe ulimi nao hurithiwa.

Jambo hili lilijulikana kwa bahati mwaka 1931. Arthur Fox, mkemia wa kampuni ya DuPont huko Marekani, alikuwa akishughulika na poda iitwayo PTC, ikatimka hewani. Mwenzake akalalamika kinywa kimemchacha kwa uchungu. Fox hakuhisi chochote. Mwaka 2003 watafiti wakaitambua jeni inayohusika zaidi, TAS2R38. Aliyerithi aina moja, PTC kwake ni shubiri. Mwenye aina nyengine ni kama alambaye karatasi.

Sasa, sonona nayo huandama baadhi ya koo, ndipo wataalamu wakajiuliza kama ulimi ungeweza kuwa alama ya aliye hatarini. Ingekuwa rahisi ajabu: karatasi yenye PTC, dakika moja, basi. Lakini majibu hayajakaa sawa. Utafiti mmoja wa 2004 ulikuta sonona ni haba katika familia za wenye ulimi mkali kupita kiasi, kinyume na vile wengi wangedhani.

Kinachonivutia zaidi ni kazi iliyofanywa Bristol, Uingereza, ikatolewa 2006. Watu 20 wazima wa afya walipewa dawa ya sonona inayoongeza serotonini kwenye ubongo. Kiasi cha sukari kilichohitajika ili utamu usikike kikashuka kwa 27%, na cha kwinini kwa 53%. Yaani kemikali zile zile zinazohusishwa na sonona hugusa pia ulimi, na ladha hubadilika hata kama jeni ni ile ile.

Kwa hivyo, msomaji, mtoto akikataa mchunga au mwarobaini usimpe jina la ugonjwa. Lakini mtu mzima aliyekuwa akipenda biriani, akaanza kusema chakula chote hakina ladha, halali, hajali wajukuu wala baraza, na wiki mbili zimepita, huyo asiambiwe ana upepo akaachwa. Mpelekeni hospitali, hata Port Reitz kwa walio Mombasa, na hilo la ladha mwambieni daktari pia. Mgonjwa mwenyewe huona si la kutajwa.