Samaki Hunusaje Katika Maji Yenye Msukosuko?

Tunapofukiza udi sebuleni na dirisha li wazi, moshi wa chetezo hauendi moja kwa moja. Hujikunja na kukatika vipande vipande, na aliye barazani hupata harufu, ikampotea, kisha ikamrudia. Hivyo ndivyo harufu isafirivyo ndani ya maji yaendayo kasi. Samaki naye huipata kwa vipande, wala si kwa uzi mmoja uliononyoka.

Wengi wetu huku pwani tuna jamaa Kitale na Bungoma, nao waujua vyema Mto Nzoia. Maji yake hutoka katika vilima vya Cherang'ani na Mlima Elgon, yakapita Trans Nzoia, yakaporomoka Nabuyole karibu na Webuye, kisha yakaelekea Ziwa Viktoria. Wakati wa mvua mto huchafuka kwa udongo, hata jicho likawa halina kazi. Humo ndimo aishimo kambare.

Basi kambare huipataje riziki yake? Mwenyezi Mungu amemjaalia jozi nne za sharubu, na sharubu hizo pamoja na ngozi yake zina vionjio vya ladha kama vile vya ulimi wetu. Pua hunusa, na ubavuni mna mstari wa kuhisi mwendo wa maji. Wanyama wengi wa mtoni na baharini, wakiguswa na kipande cha harufu, hugeukia kule mkondo utokako wakaukabili. Harufu ikiwapotea, huyumba kushoto na kulia mpaka waipate tena.

Papa wa baharini hutuonyesha ufundi mwingine. Mwaka 2010, watafiti Jayne Gardiner na Jelle Atema wa Marekani walieleza jaribio lao la kupeleka harufu katika tundu mbili za pua ya papa wadogo kwa nyakati tofauti. Tofauti ya nyakati ilipokuwa kati ya sehemu moja ya kumi na nusu ya sekunde, papa aligeukia upande uliotangulia kupata harufu, hata kama harufu ya upande wa pili ilikuwa kali zaidi. Katika maji yaliyovurugika, ukali wa harufu hudanganya.

Lakini pua hiyo ni dhaifu mbele ya sumu. Majaribio juu ya samaki aina ya samoni yameonyesha kwamba shaba kidogo sana iliyoyeyuka majini, isiyotosha kumwua samaki, humpunguzia uwezo wa kunusa kwa muda wa saa chache tu. Samaki huyo huogelea kama mzima, ilhali hanusi chakula wala adui. Dawa zenye shaba hupuliziwa kahawa, na kahawa hulimwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Bungoma. Mvua ikinyesha, mabaki yaweza kuteremka mitoni.

Kwa hiyo, tunapowapigia simu jamaa zetu wa huko, tuwakumbushe jambo dogo: bomba la dawa lisioshwe mtoni, na maji ya kusuuzia yamwagwe shambani, mbali na kijito. Na sisi wenye mashamba huku pwani tufanye vivyo hivyo. Maji ni amana, na kitoweo cha watoto wetu kinategemea pua ya samaki tusiyemwona.