Shamba la masomo: tupatane mbele ya kupanda



Masomo mengi ya vijijini yako na kipande cha shamba. Mwezi wa 9 watoto wanapanda, kila mtu anafurahi. Mavuno yakifika, maneno inaanza: maharagi yalienda wapi? Tuliona mahali wazazi walikataza watoto kushika jembe tena, juu walisikia mavuno yaliishia kwa wakubwa. Mbegu ilikuwa nzuri, udongo pia. Kilichokosekana ni mapatano.

Kazi hii iko na pande tatu. Masomo inaleta watoto, mwalimu na saa moja ya kila juma. Kikundi cha vijana kinaleta nguvu: kulima mara ya kwanza, kupalilia, kulinda. Koperative inaleta mbegu na mkulima mmoja mzoefu wa kufundisha pamoja na mwalimu.

Muanze na ari moja tu, ni kusema meta 10 kwa 10. Karibu kilo moja ya maharagi mafupi inatosha: mistari sentimeta 40, mashimo sentimeta 20, mbegu mbili kwa shimo. Nusu moja iwekwe mbolea iliyooza vizuri, nusu ingine ibaki bila. Wakati wa maua, watoto wachimbue miti michache polepole. Kwenye mizizi wataona vinundu vidogo. Wapasue kimoja: kama ndani ni chekundu, vijidudu vilivyomo vinakamata azoti ya hewa na kulisha mmea. Kama ni cheupe ao kijani, havifanyi kazi. Mwisho wapime mavuno ya kila nusu na kulinganisha. Hapo wamesoma hesabu na elimu ya viumbe katika shamba moja.

Lakini shamba la masomo si salongo. Saa isiyokuwa na somo, mtoto asiitwe kulima. Dawa za kupuliza asiziguse hata siku moja.

Mbele ya mwezi wa 9, mukutane na muandike karatasi moja inayojibu haya:

- Shamba ni la nani, na litatumika saizoni ngapi?
- Nani atalilinda wakati wa vakansi kubwa?
- Nani analeta majembe, na mtoto akiumia nani anamupeleka kwa kituo cha afya?
- Mavuno yanagawanywa namna gani? Kwa mfano: mbegu irudi kwanza kwa koperative, vijana wapate sehemu ya jasho lao, inayobaki inunue madaftari ao ipikiwe watoto.

Direkta, prezida wa vijana, prezida wa koperative na mjumbe wa komite ya wazazi watie sahihi, kila mmoja abaki na kopi yake.

Siku ya mavuno, mupime mbele ya watu wote na kuandika kilo kwenye ubao wa masomo. Mzazi akisoma ile hesabu mwenyewe, saizoni itakayofuata atamutuma mtoto wake bila kuombwa.