Mafuta Katika Mishipa ya Damu: Tuyapunguze kwa Chakula cha Shambani

Ndugu mkulima, ndugu mfugaji, nawe ndugu uliye machimboni,

Leo hatuzungumzii palizi wala dawa ya pamba. Tunazungumzia kolesteroli, ambayo wengine huiita lehemu. Labda umelisikia neno hili hospitali ukadhani ni maradhi ya matajiri wa mjini. Sivyo.

Kolesteroli ni kitu laini mfano wa nta, nacho kimo katika damu ya kila mtu. Sehemu kubwa hutengenezwa na ini letu wenyewe, maana mwili unaihitaji, kwa mfano kutengenezea nyongo. Ubaya huanza inapozidi. Hujikusanya katika kuta za mishipa, na njia ya damu ikawa nyembamba kama mfereji uliojaa tope. Mshipa wa moyo ukiziba, mtu hupata shambulio la moyo. Ukiziba wa ubongo, hupata kiharusi. Nayo haiumi wala haiwashi. Hujulikana kwa kupima damu tu.

Utauliza: "Mbona wazee wetu walikula nyama na maziwa, wakaishi?" Swali zuri. Mwaka 1964 daktari Mmarekani, George Mann, na wenzake walitoa matokeo ya kuwapima Wamasai wa Tanganyika. Chakula chao kilikuwa maziwa na nyama, lakini kolesteroli yao ilikuwa chini. Mwaka 1972 wakaeleza jambo jingine: katika miili ya marehemu walikuta mafuta kwenye mishipa ya moyo, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, damu ikapata njia. Mann aliona kwamba kutembea kwao kwingi kuliwasaidia.

Sasa tujiangalie. Mchungaji wa Kishapu hutembea kutwa nzima. Akihamia Katoro au Nyarugusu akafungua duka, hukaa kitini mchana, na jioni hula chipsi na nyama ya mafuta. Chakula cha wazee amekiongezea mafuta, miguu ya wazee ameiacha. Hapo ndipo hatari ilipo.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tule dengu, choroko, kunde na maharage, pamoja na mboga za majani. Nyuzinyuzi zake hunasa nyongo tumboni na kutoka nayo. Ini hulazimika kuchota kolesteroli katika damu ili litengeneze nyongo nyingine. Dengu tunalima wenyewe, tusiziuze zote.

Pili, tupikie mafuta ya alizeti, tena kidogo, badala ya samli au mafuta ya nyama. Kwenye nyama, ondoa yale mafuta meupe yanayoganda. Mara nyingine badili, ule samaki wa ziwani.

Tatu, tutembee. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki, si haba. Na jembe pia linahesabika.

Nne, tuache sigara, maana huharibu kuta za mishipa.

Lakini sikia vizuri: chakula husaidia, ila si kila mtu kitamtosha. Wapo wanaozaliwa na kolesteroli nyingi, hata wakiwa wembamba. Kama daktari amekuandikia dawa, usiiache kwa sababu mtu mnadani anauza chupa ya "kuzibua mishipa". Na mtu akibanwa kifua huku akitoka jasho, au mdomo ukipinda na mkono mmoja ukalegea, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Msingoje kukuche.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

1. Nyumbani kwetu, chupa moja ya mafuta ya kupikia huisha kwa siku ngapi?
2. Ni nani kati yetu aliyewahi kupimwa kolesteroli? Hospitali ipi ya karibu hupima?